Si Kona za Kitonga

Kijana mmoja wa hapa Mwanjelwa, Mbeya, mtoto wa jirani yangu anayeuza mitumba, alipata kazi ya jikoni kwenye meli ya kitalii. Usiku wa kuamkia safari alikuja kuniaga. Baada ya shikamoo akafungua begi anionyeshe alivyojiandaa: chupa sita za kitakasa mikono, vidonge vya Flagyl, na dozi nzima ya Cipro. Alikuwa amesikia kwamba kwenye meli hizo abiria huharisha na kutapika kwa mamia. "Mzee, wewe umekuwa bwana afya miaka yote hiyo," akasema, "hebu angalia, nimesahau nini?" Nikamwambia amesahau sabuni. Nikamwambia pia kwamba katika vyote alivyobeba hakuna cha kutegemea kwa ugonjwa anaouogopa, na kwamba kinga yenyewe hasa haiuzwi dukani: ni kuweza kumwambia mkuu wa jiko "leo tumbo linaniendesha" bila kukatwa mshahara.

Alicheka. Alidhani ni utani wa kizee.

Sikuwa natania, na leo nataka kuitetea kauli hiyo. Mlipuko wa kuhara na kutapika, uwe wa melini, wa kwenye basi au wa msibani, hauletwi na bahari wala na chombo chenyewe. Unapanda na mtu. Mtu huyo anaumwa, anajua anaumwa, lakini anaendelea kupika, kugawa soda, kuosha vyombo au kuketi mezani na wenzake. Anaficha kwa sababu akisema atapoteza kitu: kibarua, nauli, nafasi, au heshima. Tukishindwa kumwondolea sababu ya kuficha, mabango yote ya kunawa mikono tunayobandika ukutani ni mapambo.

Tumjue kwanza mhusika. Kwenye meli za kitalii, zaidi ya milipuko tisa katika kumi ambayo chanzo chake hugundulika husababishwa na norovirusi, yaani kirusi cha noro. Jina limetoka Norwalk, mji wa jimbo la Ohio huko Marekani, ambako mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa shule ya msingi waliugua kwa mkupuo. Mwaka 1972 Albert Kapikian na wenzake wakakiona kirusi chenyewe kwa hadubini ya elektroni. Hakina makali ya kipindupindu. Saa 12 hadi 48 baada ya kukipata, tumbo linasokota ghafla, unatapika na kuharisha, na kwa mtu mzima mwenye afya mambo huwa yamekwisha kwa siku moja hadi tatu. Hatari yake ni kwa watoto wadogo na wazee, ambao miili yao haina akiba ya maji ya kupoteza. Dunia nzima hukadiriwa kuugua mara milioni 685 kwa mwaka, watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa kama milioni 200 kati ya hao, na vifo hufika kama 200,000, vingi katika nchi zenye kipato kama chetu. Chanjo ya rotavirusi tunayo tangu 2013 na imeokoa watoto wengi. Ya noro bado.

Kirusi hiki kina nguvu tatu, na ukizielewa utaelewa karibu kila ushauri nitakaoutoa. Ya kwanza ni uchache. Kipindupindu kwa kawaida kinahitaji bakteria wengi mno ili kumwangusha mtu, ndiyo maana njia yake kuu ni maji na chakula kilichochafuka sana. Noro inahitaji chembe zisizofika mia, ilhali gramu moja ya choo cha mgonjwa hubeba mabilioni. Ukucha uliosafishwa nusunusu unatosha. Ya pili ni kwamba hakina koti. Kirusi cha korona kimevikwa utando wa mafuta, na spiriti iliyomo kwenye kitakasa mikono huuyeyusha utando huo, kirusi kikafa. Noro imejifunga ndani ya ganda gumu la protini. Spiriti haina cha kuyeyusha. Ya tatu ni uvumilivu. Kinakaa kwenye kitasa cha mlango, reli ya ngazi au meza kwa siku kadhaa, kinastahimili baridi ya friji, na hakitishwi na chakula kilichopashwa moto juujuu. Kubwa kuliko yote, mtu aliyekwisha kupona na kurudi kazini anaendelea kukitoa kwenye choo kwa wiki mbili au zaidi.

Sasa nirudi barabarani, maana ndiko wengi wetu tunakosafiri. Anayetoka Mbeya kwenda Dar es Salaam kwa basi anaijua habari ya Kitonga. Ukishaipita Iringa na Ilula, barabara inaanza kuteremka kwa kona, na konda, bila kuulizwa, anaanza kutafuta mifuko. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 1, 2019, wakati mwingine mfuko haupatikani, na mtu anatapikia kwenye kanga au chini ya kiti. Hakuna anayeuliza kwa nini fulani katapika. Jibu linajulikana: ni kona.

Mara nyingi ni kweli. Lakini mara chache si kweli, na hizo mara chache ndizo zinazonikosesha usingizi. Aliyetapika kwenye kiti cha kumi na mbili amerusha matone ambayo macho hayayaoni, yakatua kwenye viti vya jirani na kwenye vyuma vya kujishikilia. Konda anafuta kwa tambara lile lile la kufutia kioo, anasukutua vidole kwa maji ya chupa, na saa mbili baadaye anagawa soda na biskuti. Abiria anashuka Dar mzima wa afya. Kesho yake jioni yuko chooni kwa shemeji yake Mbagala, akiilaumu pilau aliyokula Morogoro. Baharini ni vivyo hivyo, isipokuwa huko anayelaumiwa ni wimbi. Dalili za kutofautisha zipo. Kulevywa na safari hutulia chombo kikisimama, hakuleti kuharisha, na hakumwangushi aliyeketi nawe kesho yake. Mtu anayetapika Mafinga, ambako barabara bado ni tambarare, hana haki ya kuisingizia Kitonga.

Na kama unatafuta meli kamili ya nchi kavu, panda treni ya TAZARA pale Iyunga. Reli hiyo ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na safari yake inalaza watu humohumo: behewa moja la chakula, vyoo vya kushirikiana, sura zile zile asubuhi na jioni. Hilo ndilo umbo la meli ya kitalii ukiondoa bwawa la kuogelea. Kinachoikuza noro kwenye meli ni kwamba watu wengi wanagusa vitu vichache kwa muda mrefu, wengi wao wakiwa wazee, na chakula kinapakuliwa kwa vijiko vile vile. Uchafu unaweza usiwepo kabisa. Nimeona majiko ya meli kwenye picha za mafunzo. Yanang'aa kuliko chumba cha upasuaji nilichowahi kukikagua.

Hapa ndipo penye kutoelewana kukubwa zaidi. Watu husoma habari kama ya Januari 2014, ambapo abiria zaidi ya 600 waliugua kwenye meli ya Explorer of the Seas, wakahitimisha kwamba meli ni mahali pachafu kuliko pote. Si kweli. Nchini Marekani, milipuko ya noro inayotokea melini ni kama asilimia 1 tu ya milipuko yote ya noro inayoripotiwa. Mingi zaidi hutokea kwenye nyumba za kutunzia wazee na hospitali. Meli inasikika kwa sababu kuna anayehesabu. Tangu miaka ya 1970, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kina mpango maalumu wa usafi wa meli. Meli hukaguliwa bila taarifa na kupewa alama kati ya 100. Ikipata 85 au chini, imefeli, na alama hizo mtu yeyote anaweza kuziona. Wakiugua asilimia 3 ya abiria au ya mabaharia katika safari, jina la meli linatangazwa. Jiulize ni harusi gani ya ukumbini hapa Mbeya imewahi kutangazwa kwa sababu waalikwa asilimia 3 waliharisha. Kwa hesabu ya wageni 400, hao ni watu 12. Nimehudhuria harusi ambazo kamati nzima ya maandalizi ilikuwa kitandani Jumatatu, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja.

Kwetu kipindupindu kinaripotiwa ndani ya saa 24, na ni sawa kabisa. Kuhara kwa kawaida huingia kwenye vitabu vya mtuha, yaani vya takwimu za zahanati, kama tarakimu ya mwezi, na mgonjwa huambiwa ana amiba au taifodi. Sisemi hivyo kwa kuwadharau wenzangu wa zahanati. Kuiona noro kunahitaji kipimo cha vinasaba, na kwenye maabara ya zahanati hakipo. Ila utaalamu wenyewe tunao jijini hapahapa. Kituo cha NIMR Mbeya kimefanya utafiti wa magonjwa ya kuambukiza kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni mazoea ya kupeleka sampuli tano za choo kutoka kwenye mkupuo mmoja, hata kama hakuna aliyekufa.

Niwaleteeni meli mbili ambazo ni ndugu, ingawa ndugu wenyewe hawajawahi kuonana. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli ikaitwa Graf von Götzen. Ilisafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ikaungwa na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915, na leo tunaijua kwa jina la MV Liemba. Mwaka 2002 kiwanda hichohicho kilikamilisha meli ya kitalii ya Norwegian Dawn. Zote mbili zimewahi kuguswa na hofu ya ugonjwa wa tumbo, na tofauti ya hadithi zao ndiyo somo langu.

Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko nchini kwao walijazana Kagunga, kijiji cha ufukweni kilichobanwa kati ya ziwa na milima mikali, ambacho njia yake ya kutokea ni maji. Liemba ilianza kuwavusha, mara kama 600 kwa safari, hadi Kigoma, ambako walipumzishwa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia Kagunga. Hadi kufikia Mei 22, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikuwa limehesabu wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, viwili vikiwa vya Watanzania. Ingekuwa rahisi kusema ugonjwa uliletwa na meli. Ugonjwa ulitoka ufukweni ambako watu walikunywa maji ya ziwa lilelile walilojisaidia kando yake, kwa kuwa vyoo havikuwepo vya kutosha. Kilichozima moto ule ni maji yenye klorini, vyoo, kuwatenga waliokwisha kuanza kuharisha, na oresi kwa wingi. Meli ile iliwatoa watu kwenye chanzo cha ugonjwa.

Februari 2024, Norwegian Dawn ikiwa na abiria zaidi ya 2,000 ilitoka Cape Town kuelekea Port Louis, Mauritius. Wakati huo kusini mwa Afrika kulikuwa na kipindupindu. Kwa jirani zetu Zambia hali ilikuwa mbaya hata uwanja wa Heroes mjini Lusaka ukageuzwa kituo cha matibabu, na malori yaliyokuwa yakivuka Tunduma yalipita hapa Mwanjelwa kila usiku. Watu wapatao 15 melini walikuwa wametengwa kwa matatizo ya tumbo. Mauritius ikakataa meli isitie nanga, ikachukua sampuli, na baada ya siku mbili majibu yakatoka: si kipindupindu. Abiria wakashuka.

Wengi walilisoma tukio hilo kama la hofu iliyopitiliza. Mimi nilikuwa upande wa maafisa wa bandari: kisiwa kina haki ya kujilinda, na walifungua mlango mara tu majibu yalipofika. Lakini kuna jambo lilinikera. Watu 15 walikuwa wamejisema, meli ikasema kwa niaba yao, na malipo ya ukweli huo yakawa siku mbili za kuelea nje ya bandari na vichwa vya habari vya aibu. Nahodha anayefuata, akiwa na wagonjwa watano, atashawishika kuandika sifuri.

Dhana kwamba maradhi ya tumbo huja kwa bahari ni kongwe pwani yetu. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870, alifuatilia safari ya ugonjwa ule akachapisha kitabu London mwaka 1876. Wakati wengi walitazama majahazi, yeye alieleza kwamba mara ile ugonjwa ulishuka kutoka bara, ukipitia nchi ya Wamasai na njia za misafara hadi Pangani, ndipo ukavuka kwenda kisiwani. Ulifuata watu na maji yao. Hilo halijabadilika hata tulipoacha kutembea kwa miguu.

Sasa begi la kijana. Kitakasa mikono nilimwachia chupa moja, kwa sababu kinasaidia kwa vijidudu vingine na ni bora kuliko kukosa vyote. Ila kwa noro hakichukui nafasi ya sabuni na maji yanayotiririka. Sabuni haikiui kirusi hiki. Inakibandua kwenye ngozi, na maji yanakishusha. Ndiyo maana neno "yanayotiririka" ni la lazima. Kwenye misiba yetu jagi hupitishwa, lakini ukiwa wa thelathini kwenye foleni ya beseni ambalo kila mtu anazamisha mikono, umejipaka mikono ya watu 29 waliotangulia. Muda wa kutosha ni sekunde 20, na kazi kubwa iko kwenye vidole gumba na chini ya kucha, ambako wengi hatufiki.

Flagyl na Cipro nilimwomba aziache. Flagyl ni dawa ya amiba na aina fulani za bakteria, Cipro ni ya bakteria, kirusi hakizitambui. Najua tunavyofanya: tumbo likiuma tunaenda duka la dawa muhimu, tunameza vidonge sita, kesho kutwa tumepona, tunaapa kwamba dawa ni kiboko. Noro ingeisha siku hiyohiyo hata ungemeza maganda ya karanga. Tunachokipata kwa tabia hiyo ni usugu, ili siku tutakapohitaji Cipro kwa kweli isitusikie. Kinachotibu ni maji na chumvi vinavyorudishwa mwilini. Oresi ni bei ya chini kuliko soda. Ikikosekana, lita moja ya maji salama, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kunywa kwa funda ndogo, ukitapika subiri dakika kumi uanze tena. Mtoto aongezewe zinki kwa siku 10 hadi 14. Damu kwenye choo, homa kali, macho kudidimia, au choo kinachomwagika kama maji ya mchele si mambo ya kusubiri nyumbani. Hata kipindupindu, mgonjwa akiwahi kurudishiwa maji, anayekufa ni chini ya mmoja katika mia.

Imani nyingine ni ya maji ya chupa: nikinywa ya chupa niko salama. Ndugu yangu, chupa hiyo umeifungua kwa mkono gani? Wapo pia wanaoamini kwamba ukishaugua mara moja umepata kinga. Kinga ya noro ni fupi na aina zake ni nyingi. Unaweza kuugua Januari na tena Desemba.

Lawama ninayoichukia kuliko zote ni ya mama ntilie. Mkupuo ukitokea, jambo la kwanza ni kufunga vibanda vya chakula. Nimewahi kushiriki operesheni ya namna hiyo, na sijivunii. Tulimwaga wali wa watu barabarani huku choo cha stendi moja, mita hamsini kutoka pale, kikiwa hakina tone la maji. Mama anayekuuzia kande ya moto inayochemka ni hatari ndogo kuliko kachumbari ya hotelini iliyokatwa na kijana aliyeamka mara tatu usiku. Chakula cha moto kinachotoka motoni mbele ya macho yako ndicho salama zaidi safarini. Ogopa vinavyoshikwashikwa baada ya kuiva, saladi, matunda yaliyomenywa na mwingine, na barafu. Melini, wakihisi mlipuko, jambo la kwanza wanalofanya ni kuondoa bafe ya kujipakulia: vijiko vinashikwa na wahudumu tu. Kamati za harusi zinaweza kuiga hilo bila shilingi moja ya ziada.

Kwa msafiri, basi, mambo si mengi. Beba kipande cha sabuni ya mche kwenye kimfuko na chupa ya maji ya kunawa, si ya kunywa. Nawa kila utokapo chooni au kuchimba dawa, na kila kabla ya kula, hata kama dakika ishirini za konda zinayoyoma. Mtu akitapika karibu, hama kiti kama inawezekana. Konda awe na Jik. Kila muuguzi wa nchi hii amefundishwa kipimo cha Jik moja kwa maji sita. Mchanganyiko huo mwagia matapishi yaliyokwisha kufunikwa kwa tambara la kutupa, subiri dakika kumi, ndipo ufute. Kwa kufutia viti na vyuma, Jik moja kwa maji thelathini na tano inatosha. Anayefuta avae glavu. Kibuyu chirizi mlangoni mwa choo cha mgahawa wa njiani ni cha kamba, dumu na kijiti. Nimeona shule za Rungwe zikikitengeneza kwa saa moja. Na wale wenzangu wa vilabuni, kopo la kimpumu kupokezana ni undugu mzuri, lakini kila mtu anaweza kuja na kopo lake, na undugu ukabaki.

Nimeacha kwa mwisho lile gumu. Kwenye meli zinazofuata kanuni za Marekani, mpishi au mhudumu wa chakula akiharisha hutengwa, na haruhusiwi kurudi jikoni hadi zipite saa 48 tangu dalili ziishe. Saa hizo 48 ndizo dawa. Kwetu tuna cheti cha kupima afya, ambacho mpishi hukihuisha kila miezi sita. Nimesaini vingi. Cheti cha Januari hakijui chochote kuhusu tumbo la Machi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Ni sheria nzuri. Lakini binti anayeosha sahani kwenye mgahawa wa njiani kwa ujira wa siku, na utingo wa basi anayelipwa kwa safari, hawamo ndani ya sheria hiyo kwa vitendo. Akisema anaharisha, leo hali, na kesho nafasi yake ana mwingine. Kwa hiyo hasemi.

Kampeni yetu kubwa ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyokusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, ilichimbisha vyoo nchi nzima, na nilikuwa mtoto nikibeba udongo. Ilipofufuliwa mwaka 2024 nilifurahi. Lakini toka wakati ule hadi sasa tunazungumza na kaya kuhusu choo na maji. Hatujazungumza na mwenye hoteli kuhusu siku mbili za binti wa sahani. Pendekezo langu ni dogo. Halmashauri inapotoa leseni ya mgahawa au ukumbi, na mamlaka za usafirishaji zinapotoa leseni ya basi, pawepo sharti moja la nyongeza: daftari la wanaoumwa tumbo, na siku mbili zenye ujira kwa kila jina litakaloandikwa. Bwana afya akija kukagua, aanzie kwenye daftari kabla ya kuangalia kama mpishi kavaa kofia. Daftari tupu la miezi sita lingenitia shaka kuliko mende. Wenye biashara watasema vijana watadanganya ili wapumzike. Wachache watadanganya. Siku mbili za ujira wa muosha vyombo ni pesa ya sahani chache za wali nyama, na mkupuo mmoja ukijulikana, mgahawa hupoteza wateja wa mwezi.

Kijana aliondoka Nane Nane alfajiri, na sabuni mbili za mche begini. Wiki ya saba, mama yake alinigongea mlango kabla ya jua kutoka, kanga begani, macho mekundu. Mwanawe kapiga simu: amefungiwa chumbani siku ya tatu sasa, haruhusiwi kutoka, chakula anawekewa mlangoni kama mfungwa.

"Bwana Afya, niambie kweli, mwanangu kaiba nini huko?"

Nikamuuliza kama kijana alisema lolote kuhusu mshahara.

"Ndilo nisilolielewa," akasema. "Anasema wanamlipa."